Kwaya ya Mtu Mmoja: «For Emma, Forever Ago» ya Bon Iver

Usiisikilize albamu hii ndani ya taksi ya Kampala, yaani daladala. Kondakta anaita abiria, dereva ana redio yake, boda boda wanapiga honi pande zote mbili. Utaambulia gitaa la mbali na mwanamume anayelalamika kwa sauti nyembamba, na kabla hujashuka utakuwa umeifuta kwenye simu. Itakuwa hasara, maana katika albamu zote za gitaa na huzuni zinazopita kwenye simu za Kampala, hii ya Bon Iver ndiyo inayoujua upweke wa mtu aliyeachwa kwa undani zaidi. Ila inadai ukimya. Inadai pia usikilizaji wa namna nyingine, usio ule tuliozoea kwenye nyimbo za mapenzi za huku kwetu.

Ni nyimbo 9 na dakika 37. Bon Iver wakati huo alikuwa mtu mmoja, Justin Vernon wa Wisconsin, Marekani, na jina hilo ni salamu ya Kifaransa ya kutakiana heri ya majira ya baridi, imeandikwa kwa makusudi bila herufi moja. Mwaka 2006 bendi yake, DeYarmond Edison, ilivunjika kule Raleigh, North Carolina. Mapenzi yake nayo yakavunjika, na juu ya hayo akaugua ugonjwa uliomshika hadi ini. Akarudi kwao, akaingia kwenye nyumba ya mbao ya baba yake, ya kuwindia, msituni, akakaa humo karibu miezi 3 ya baridi kali: kupasua kuni, kula nyama ya kulungu, kurekodi. Mwaka 2007 alitoa nakala 500 kwa mkono wake. Mwaka 2008 kampuni ya Jagjaguwar ikaitoa upya Marekani, na 4AD ikaitoa Uingereza.

Hadithi hiyo ya msituni imerudiwa mno hadi imekuwa kubwa kuliko nyimbo zenyewe. Wapo wanaodhani theluji ndiyo iliyotunga. Tarumbeta na tromboni za «For Emma» zilipigwa na watu wengine, wala Vernon hakuwa mgeni wa kurekodi. Alikuwa ameshatengeneza muziki miaka mingi na aliujua mtambo wake vizuri. Kilichompa upweke sauti ni kazi ya mikono, na kazi hiyo inaweza kuelezwa.

Iko hivi. Vernon anaimba karibu albamu nzima kwa sauti ya kichwani, ile nyembamba ambayo mwanamume huipata akiacha kifua. Anauimba mstari, anaurekodi, kisha anauimba tena juu ya ule wa kwanza, na tena, na tena, mpaka inakuwa kwaya. Lakini ni kwaya ya koo moja. Kwaya ya kanisani ina mama mwenye sauti nzito, kijana anayechelewa, mzee anayetetema. Hapa kila anayeitika ni yuleyule aliyeanzisha. Sikio linagundua jambo hilo kabla ya akili. Unasikia umati, halafu unang'amua kwamba chumbani hamna mtu mwingine. Upweke wa albamu hii umekaa hapo, na ndiyo sababu mtu asiyejua neno hata moja la Kiingereza unaweza kumshika.

Na maneno? Hapa msikilizaji wa Kiswahili atapata taabu. Sisi tunakwenda kwenye wimbo tukitafuta maneno. Taarabu inakupa vina, mizani na fumbo unaloweza kulifumbua ukitulia. Kadongo kamu ya Waganda, ambayo jina lake tu ni «kagita kamoja», inakupa kisa kizima, mwanzo hadi mwisho, na fundisho juu. Vernon hakuanza na maneno. Alirekodi kwanza mlio mtupu, silabi zisizo na maana, akazipanga juu ya gitaa, kisha akawa anazisikiliza tena na tena na kuandika neno lililofanana na silabi aliyoisikia. Kwa hiyo mistari mingi haitafsiriki hata kwa mwenye Kiingereza chake. Ukikaa na kamusi utachoka. Emma naye usimtafute. Vernon ameshaeleza kwamba jina hilo linasimama kwa hali ya mtu kunasa mahali, kwa maumivu yasiyofutika. Wenye kupenda shairi lililofumwa watahesabu jambo hili kuwa kasoro, na wana haki yao. Kwangu ni kasoro katika nyimbo mbili tu, nitazitaja.

Anza na «Flume». Gitaa linapigwa taratibu, sauti inaingia mara mbili kwa pamoja, na katikati nyuzi zinaanza kulia mlio wa kukwaruza, kama nyuki ndani ya kopo. Wengi wakifika hapo huitazama simu wakidhani spika imepasuka. Aliyewahi kukaa karibu na endongo ya Buganda hatashtuka: nyuzi za endongo hupita karibu kabisa na ngozi ya kenge iliyowambwa juu ya bakuli lake, zikigusana na ngozi zinavuma, na mvumo huo ndio utamu wenyewe wa chombo. «Flume» inataka kusikilizwa kwa sikio hilo. Mvumo ule unakuja pale pale sauti inapoacha kusema, ukashika zamu yake.

«Lump Sum» inafungua kwa kwaya niliyoieleza, sekunde chache za kanisa tupu, kisha gitaa linashika mdundo wa haraka wa vidole ambao haubadiliki hadi mwisho. Ni wimbo wa mtu anayetembea. Ni mzuri, na si wa kukaa nao sana.

«Skinny Love» wengi wanaujua tayari, baadhi kupitia Birdy, binti wa Uingereza aliyeuimba upya kwa piano mwaka 2011. Toleo la Birdy ni safi, na usafi huo ndio unaolipunguzia uzito. Jina lenyewe ni penzi lililokonda, penzi linalonyimwa chakula likaendelea kuishi kwa mazoea. Katika toleo la asili nyuzi zinapigwa kwa nguvu hadi chuma kinasikika, na kwenye kiitikio Vernon anaiacha sauti ya kichwani na kupaza ya kifuani, mara chache katika albamu nzima, ikakwaruza. Ni ugomvi wa watu wawili ambao mmoja wao ameshaondoka.

Kwa wanaopiga gitaa, wimbo huu haupatikani kwa mpangilio wa kawaida wa nyuzi. Kutoka uzi wa 6, ule mnene, hadi wa 1: C G E G C C. Yaani uzi wa 6 unashuka toni 2, wa 5 unashuka toni 1, wa 4 unapanda toni 1, wa 3 unabaki ulivyo, wa 2 unapanda nusu toni, na wa 1 unashuka toni 2. Hapo ndipo mambo huharibika. Kupandisha uzi toni nzima kunaongeza mvuto wake kwa karibu robo, kwa hiyo uzi wa 4 uliokwisha pata kutu (na msimu wa mvua Kampala nyuzi hazikawii) utakatika mkononi, mara nyingi pale unapozungushwa kwenye kigingi cha kichwa cha gitaa. Uzi wa 6 nao, ukishuka toni 2, unapoteza zaidi ya theluthi ya mvuto wake: unalegea, unagonga freti (vile vyuma vya shingoni), na ukiupiga kwa nguvu unapanda sauti kabla ya kutulia. Dawa ni kununua seti nzito ya nyuzi, ambayo uzi wake wa 1 una unene wa inchi 0.013, ambayo uzi wake wa 6 huwa karibu 0.056, kisha kuutoa ule wa 4 na kuweka wa 4 wa seti nyepesi ya 0.012. Shusha kwanza zinazoshuka, ndipo upandishe zinazopanda, ili shingo la gitaa lisizidiwe. Mwisho shughulikia ule wa 1 na wa 2, ambazo zote ni C moja. Zipige pamoja usikilize: zikitofautiana kidogo utasikia sauti ikiyumba kama wimbi, wimbi likipungua kasi unakaribia, likitoweka umefika. Wengi hutegemea programu ya simu hapa, na programu inakubali tofauti ndogo ambayo sikio halikubali. Tena usikandamize sana uzi wa 1 kwa vidole. Umelegea, kwa hiyo unatoka kwenye sauti kwa urahisi.

«The Wolves (Act I and II)» ndiyo kilele. Dakika 5 na zaidi, na karibu nusu yake inakwenda bila haraka yoyote: gitaa dogo, sauti zikiingia moja baada ya nyingine, baadhi zikiwa zimepitishwa kwenye programu ya kunyoosha sauti hadi zina mng'aro wa kibati. Kisha mstari mmoja mfupi, wa kile ambacho huenda kimepotea, unaanza kurudiwa. Unarudiwa na sauti moja, na tatu, na nyingi zisizohesabika, na chini yake vishindo vinaanza kuanguka ovyo, kama mtu anayebomoa banda lake mwenyewe ubao kwa ubao. Vishindo havifuati mdundo sawasawa. Vingekuwa vimepangwa vizuri, wimbo ungekuwa wa ushujaa. Jinsi vilivyo, ni wa mtu aliyefika mwisho wa uvumilivu. Ukiwa na nafasi ya kusikiliza wimbo mmoja tu kwa hedifoni nzuri, uwe huu, kwa sababu kwenye spika ya simu vishindo vyote vinageuka kelele moja.

«Blindsided» ndio wa kwanza katika zile mbili nilizosema. Unakokota, na kwa kuwa maneno hayashikiki, hakuna kinachokuvuta kuvuka dakika ya tatu. «Creature Fear» unarekebisha mambo: beti za kunong'ona, kiitikio kinachofunguka ghafla na ngoma, kisha unamwagika bila kituo ndani ya «Team», kipande cha chini ya dakika 2 chenye gitaa zito na mluzi. «Team» ukiwa peke yake haufai kitu. Ni mkia wa ule uliotangulia, na usisikilizwe pasipo huo. Wimbo wa jina la albamu una shaba na jua kidogo, ndio pekee ambao mtu angeupiga asubuhi, na ndio wa pili ambao ukungu wa maneno unauumiza: muziki umeanza kusema jambo la wazi, la kuagana, na maneno hayakuufuata.

Wanamuziki wengi wa vyumbani wa Kampala na pembeni yake, Makindye hadi Kireka, wameichukua albamu hii kuwa ruhusa: kama yeye aliweza kwa maikrofoni moja, nami naweza. Ni kweli, lakini kazi ina masharti yake. Maikrofoni aliyotumia ni Shure SM57, ya kawaida kabisa, ambayo utaikuta mbele ya ngoma na spika za gitaa kwenye majukwaa dunia nzima. Inapokea kuanzia 40 hadi 15,000 Hz, haihitaji umeme wa kuisukuma, na haisikii sana kilicho nyuma yake. Faida hiyo ya mwisho ni kubwa kwa mtu anayeishi kando ya barabara. Hasara yake ni kwamba ni nzito kuamka: sauti ya kunong'ona inahitaji kukuzwa karibu desibeli (dB) 60, na vifaa vya bei nafuu vikifunguliwa hadi mwisho vinatoa mvumo wa «shhh». Kwenye sauti moja mvumo huo hauonekani. Ukirundika sauti 8, mvumo umepanda dB 9, na sasa kwaya yako inaimba kwenye mvua.

Kwa hiyo sogea karibu, sentimita 5 hadi 10, ili usilazimike kukuza sana. Ukisogea hivyo besi inajaa. Ikate chini ya 100 Hz wakati wa kuchanganya. Funga uzi kwenye kishikio cha maikrofoni, ukate urefu huo, uuguse kwa kidevu kila unapoanza upya, kwa sababu sauti 8 zilizoimbwa kwa umbali 8 hazikai pamoja, zinasikika kama watu wa vyumba tofauti. Kisha konsonanti. Hili ndilo kosa linalosikika zaidi katika kazi za kuiga: kila sauti inatamka «s» na «t» yake kwa wakati wake, na mwisho wa mstari unakuwa kama punje za mahindi zinazomwagwa kwenye karai. Acha sauti moja tu, ya katikati, itamke neno kamili; nyingine zote ziimbe irabu na kuziacha «s» na «t» bila kutamkwa. Kiswahili kinakusaidia hapa, maneno yetu yanaishia kwa irabu, na kwaya ya mtu mmoja kwa Kiswahili inaungana kwa urahisi kuliko ya Kiingereza. Inashangaza kwamba wachache wamejaribu.

Chumba nacho. Nyumba ya mbao inameza sauti kidogo. Chumba cha matofali na plasta chenye sakafu ya saruji kinairudisha yote. Godoro likisimamishwa nyuma ya mwimbaji (nyuma yake, maana maikrofoni inatazama huko) linafanya kazi kuliko sponji zenye umbo la trei za mayai ukutani. Mabati hayana dawa: mvua ikianza, acha, usijidanganye kwamba utaisafisha baadaye. Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba panga kazi usiku wa manane, baada ya boda boda kupungua. Chomoa chaja ya kompyuta unaporekodi, uende na betri. Mvumo wa chini wa 50 Hz unaosikika kwenye rekodi nyingi za nyumbani unatoka kwenye umeme wa ukutani, na kuchomoa chaja mara nyingi kunaumaliza papo hapo.

Tukirudi kwa msikilizaji. Faili nzima katika ubora wa kbps 320 ni kama MB 89. Katika 128 ni MB 35 au 36. Bando likibana, MB 35 zinavumilika kwa «Flume» na «Skinny Love», lakini «Lump Sum» na «The Wolves» zinaharibika, kwa sababu sauti nyingi zinazofanana ni kazi ngumu kwa mfinyo wa MP3: ncha za sauti zinageuka majimaji. Nakala za kwenye vibanda vya kujaza flashi mara nyingi zimefinywa mara mbili, faili ndogo ikageuzwa kuwa kubwa. Ukubwa wa MB hauthibitishi chochote hapo. Jaribu kwa kusikiliza sekunde za mwanzo za «Lump Sum» tu. Ukisikia watu wengi wamesimama, chukua. Ukisikia filimbi ya maji, acha.

Hedifoni za kuziba masikio zinatosha, si lazima ziwe za gharama, mradi zizibe kweli. Usiongeze besi kwenye simu. Gitaa litameza sauti. Weka mlio wa wastani na usiuguse tena, hata nyimbo za mwanzo zikionekana ndogo, maana «Creature Fear» na mwisho wa «The Wolves» vimepangwa kuwa vikubwa dhidi ya udogo huo.

Na uifikie «Re: Stacks». Ni dakika karibu 7, gitaa moja, sauti isiyorundikwa kama zile nyingine. Baada ya nusu saa ya kwaya, wale waitikiaji wote wametoka chumbani. Haombi arudiwe, hampigii mtu kelele. Anahesabu alichonacho, taratibu, kama mtu anayekunja nguo. Uzuri wake wote umejengwa na nyimbo 8 zilizoutangulia, kwa hiyo ukiuruka moja kwa moja utausikia kuwa wimbo mwingine tu wa gitaa. Programu nyingi za muziki huweza kuwa zimewekwa zififishe mwisho wa wimbo juu ya mwanzo wa mwingine, au zilete wimbo wowote unaofanana mara albamu inapoisha. Ufifishaji huo unalipoteza lile daraja la «Creature Fear» na «Team», na nyongeza ya mwisho inakuletea ngoma ya mtu mwingine kabla uzi wa mwisho wa gitaa haujanyamaza. Ingia kwenye mipangilio, zizime zote mbili, ndipo ubonyeze «Flume».